Mbwa Tulimuita Tribinali

Lulimba, mu kampi ya zahabu

Yaya yangu Riziki, dada yangu mukubwa,

Jambo. Jambo tena, na ya tatu umupelekee Mama. Magoti yako imepona? Shofere ya kamyo alisema alikuona ku soko ya Baraka unatembea na fimbo, nikasikia haya, kwa sababu fimbo ile ni mimi mudogo wako nilipaswa kukukatia. Samaki ya ndagala inapatikana? Mama anakohoa bado? Huku mvua inanyesha asubui na magaribi, njia ya kwenda Fizi ni matope tupu, na nguo haikauke. Mwili yangu iko muzima. Roho, aka, roho haiko muzima, na ni juu ya ile nimeshika kalamu.

Ulituma neno mu kinywa ya shofere: «Muulize Asukulu, juu ya nini bibi yake Bitisho anaikala kwa baba yake kule Fizi, na tumbo inaonekana?» Najua ulishaanza kusikia mambo ku soko. Banasema baba mukwe yangu, Mzee Lubunga, alikuja huku akaiba, mbwa akamukamata. Yaya, ni buongo. Ni buongo kutoka kichwa mpaka mukia. Lakini buongo ile ilizaliwa mu barua yangu, na wewe na bwana yako, Shemeji Amisi, muliibeba bila kujua, sawa mutu anabeba muzigo ya kuni na nyoka iko ndani. Basi ikaa chini, nyoosha ile muguu, nikuambie yote. Halafu niko na kazi ya kukulomba.

Unakumbuka namna Bwana mwenye kusimamia kazi hapa alileta mbwa. Mukubwa, mweusi, masikio ya kusimama, kifua sawa ya beberu. Alimupa jina ya Kizungu yenye ndimi zetu ilishindwa. Mimi bakanipa kazi ya kumuchunga na kusimama naye ku mulango ya magazini, mahali banaweka vyombo vya kazi na posho. Mimi mutoto ya kijiji ya Swima, mwenye nilizoea tu zile mbwa zetu ndogo za kuwinda, zenye kufungwa kengele ya muti mu shingo kwa sababu hazijue kubweka! Nilijiona sawa nimepewa simba kwa kamba.

Na batu ya kampi, Yaya, banajua mambo ya mbwa kupita mbwa mwenyewe. Moja anasema mbwa mwenye kubweka halumi. Mwingine anasema ukimutazama sana mu macho anashindwa, analala chini. Mwingine anasema mbwa ya Bazungu hasikie Kiswahili, mpaka umuambie kwa Kifaransa. Ungecheka! Kapita muzima, musimamizi ya batu ya kazi, tumbo mbele, anasimama kule mbali anapika kelele «Kushe! Kushe!», ndiyo «lala chini» ya Kifaransa, na mbwa anajikuna kiroboto yake tu. Mateso, mupishi ya Bwana, alikuwa na yake: mbwa akikula pilipili anakuwa mukali. Akamutilia pilipili mu nyama. Ukali haukukuja. Mbwa aliharisha mu barza ya Madamu, bibi ya Bwana, na Mateso ndiye alipangusa.

Lakini kupita yote, batu balisadiki neno moja: ile mbwa hamulumi mutu asiye na kosa.

Ilianza hivi. Mutu moja ya kazi alilumwa ku muguu, na alipoanguka, misumari ya magazini ikamwangika kutoka mu kofia yake. Ilikuwa bahati tu. Mutu yule alikuwa anakimbia, na mbwa anafuata kila kitu yenye kukimbia. Lakini kampi yote ikashangilia ati mbwa amemutambua mwizi. Tangu ile siku bakamuita Tribinali, maana yake korti. Kikipotea kisu, ikipotea sufuria, akipotea hata kuku, kapita anapanga batu mustari, mimi napita mbele yao na mbwa, na yule mwenye mbwa anamungurumia anapelekwa kujieleza. Nami nilitembea kifua mbele. Bamama bananipisha ku kisima. Ndipo nikakuandikia ile barua: «Huyu mbwa yangu anasoma roho ya mutu kupita padri.» Shemeji Amisi, kwa ile sauti yake kubwa, akaisoma ku soko, batu bakacheka, bakamulomba arudilie. Benye kupanda Fizi na samaki ya chumvi bakaipeleka kule ku mulima. Nilipoambiwa, nilifurahi sana.

Sasa, baba mukwe. Wewe ulimuona tu siku ya mahari, akiwa kimya kwa kona, ukaniambia, «Huyu muzee anaringa.» Haringi, Yaya. Yuko vile. Kule kwao, bawindaji bakirudia na nyama, hakuna mutu anagusa kisu mbele yake. Yeye ndiye anapasua na kugawa: hii ya mwenye mbwa, hii ya mwenye mukuki, hii ya mujane mwenye hana mutu ya kumuwindia. Hata nduguye mwenyewe anapata sawa na mugeni. Batu ya Fizi banasema mukono ya Lubunga haina ndugu. Ni ile mukono ninaisema hapa.

Alishuka Lulimba juu alisikia mutoto yake iko na mimba. Alilala njiani, alifika muchana na vumbi mpaka ku nyusi. Bitisho alipiga vigelegele, akakamata jogoo yetu, tulikuwa naye moja tu, akasonga bugali. Muzee akasema, «Kwanza niende kumusalimia mukwe yangu pale anafanya kazi. Tutakula pamoja.» Mimi nilikuwa ku mulango ya magazini, ilikuwa saa ya kugawa posho, batu bamejaa uwanja.

Nilipaswa kumufunga mbwa, nimukimbilie muzee, nimupokee mufuko. Ndiyo heshima, hata mutoto mudogo anajua. Lakini nilitaka aone ukubwa yangu. Nikabaki nimesimama na kamba mu mukono, nikamuita kwa sauti ili batu bote basikie: «Baba, sogea! Usiogope, ona, anatikisa mukia!» Na kweli mukia ilikuwa inatikisika, juu, ngumu, sawa fimbo. Muzee akasita. Akaniuliza polepole, «Mwanangu, unamujua vizuri?»

Nikacheka. «Baba, huyu halumi mutu muzuri!»

Sasa niambie, Yaya, nyuma ya neno kama ile, mbele ya batu bote bale, angerudi nyuma namna gani? Akanyoosha mukono ya kuume. Akamugusa mbwa chini ya taya, kwa upole, sawa vile anagusa zile zake za kuwinda.

Tribinali akamuluma. Mara moja tu, akaachilia, akarudi nyuma akilia yeye mwenyewe. Leo batu banasimulia ati taya ilifunga sawa kufuli, ati balimwanga maji ndoo kwa ndoo mpaka ikafunguka. Buongo! Maji ilimwangwa, ndiyo, lakini ilimwangukia muzee, na mbwa alikwisha kwenda kulala chini ya ngazi.

Halafu mutu moja nyuma, sijui nani, akasema, «Haya. Tribinali amekata maneno.» Bamoja bakacheka, bengine bakaguna.

Baba mukwe alishika mukono yake, damu inapita mu vidole, na hakumutazama mbwa. Hakutazama wale benye kucheka. Alinitazama mimi. Alingoja niseme kitu. Nami, mudogo wako mwenye mulisomesha kwa samaki yenu, nilifungua kinywa nikasema, «Baba, uko na nini mu mufuko?»

Nimeiandika. Ni ile neno, ni mimi, siwezi kuweka ingine pale. Niliogopa batu batasema zamu, mulinzi ya magazini, anaficha mukwe yake mwizi. Tena nitakuambia ubaya kupita: kwa nukta moja nilisadiki. Nilikuwa nimesema sana kwamba mbwa hakosi, mpaka mimi mwenyewe nikaona afazali baba mukwe akose.

Alipiga magoti akamwanga vitu vyake vyote mu udongo: ndizi, chumvi kidogo mu jani, na mukeka mudogo, mufupi sana, mwenye mama mukwe alifuma ya kulazia mutoto. Akageuza mufuko ndani inje, akautikisa, batu bote bakaona. Akarudisha ndizi na chumvi kwa mukono ya kushoto. Mukeka aliuacha juu ilikuwa na damu.

Bitisho alikuja mbio na mwiko mu mukono. «Nani amefanya hivi?» Batu bakamuonyesha mbwa. Ni Mateso, mupishi, mwenye alimwambia neno yangu, na simulaumu, angesikia tu. Bitisho akageuka. «Wewe?» akasema. «Wewe, Asukulu?» Alirudi, akatosha chungu ku moto, akakuja kuokota ule mukeka, akafuata baba yake ku njia. Muzee hakukula. Hakukunywa hata maji. Wewe ni mutu mukubwa, unajua desturi yetu: mukwe akitoka kwako na njaa, ametoka na mutoto yake. Jogoo ilibaki mu chungu. Nikamutupia Tribinali. Naye akainusa, akalamba muchuzi, akaacha nyama. Mbwa mwenye kuacha kuku! Na sikujiuliza juu ya nini.

Ku dispanseri ya kampi muzee alikatala kuingia. Akasema hapokee kitu ya mahali banamuita mwizi. Mama moja ya hapa, kwa huruma yake, akakata manyoya ya Tribinali, akamukimbilia muzee mpaka mu njia, akachoma yale manyoya na kumupaka majivu mu kidonda, kwa sababu banasema manyoya ya mbwa mwenye kuluma ndiyo dawa yake. Kidonda ikavimba, ikatoa usaha muda murefu. Imefunga sasa, lakini vidole mbili, cha kwanza na cha katikati, haikunje tena.

Na kule Fizi neno ilifika mbele yake. Barua yangu ilitangulia, unaelewa? Batu balikuwa banajua tayari ya kwamba kule Lulimba kuko mbwa mwenye kusoma roho. Hakuna mutu alimutukana, hapana, bako na adabu. Lakini bawindaji baliporudia na nyama, mutu mwingine akachukua kisu. Ati muzee apumuzike, mukono inauma. Na siku ingine vilevile. Na ingine. Akipita, mazungumuzo inakatika. Benye kutoka kule banasema muzee anaenda bado kuikala pale pale mahali pa kugawia, anapewa fungu yake, anaibeba nyumbani.

Halafu nini ikatokea huku? Asubui moja Bwana mwenyewe alitoka ku barza na furaha yake, akamushika mbwa yake taya kwa mukono, amuchezee. Tribinali akamuluma. Mukono ya kuume! Mahali pale pale!

Yaya, nilitazama batu. Kapita alikuwa pale. Bote benye kusema «amekata maneno» balikuwa pale. Nikangoja mutu aseme. Hata moja! Kapita akatikisa kichwa kwa masikitiko: «Aa, masikini, huyu mbwa iko mugonjwa.» Bakaenda kumuita munganga ya nyama mwenye alikuwa anapita kwenda kutibu ngombe za milimani. Akafungua kinywa ya mbwa, harufu ikatufukuza. Jino ya nyuma ilikuwa imeoza, taya imejaa usaha. Ni ile tu. Jino! Mutu yeyote angemugusa pale, hata mutakatifu mwenye kushuka mbinguni leo, angelumwa. Bakaing'oa, na tangu ile siku Tribinali anakula hata mifupa, analala ku miguu yangu sawa paka. Sasa hivi ninapoandika iko hapa, anaota.

Magaribi ile Mateso alinikuta nyuma ya jiko, akainama ku sikio yangu: «Na wewe Asukulu, Bwana haukumuuliza iko na nini mu mufuko?» Akacheka mpaka akashika ukuta. Mu kampi ya zahabu, Yaya! Ilikuwa ya kuchekesha kweli. Mimi nilienda kuikala nyuma ya magazini nikalia mpaka kamasi.

Nililomba ruhusa nikapanda Fizi kwa muguu. Bitisho alisimama ku mulango, hakunipisha, hakunifukuza. Amenona uso, mimba inamukalia vizuri. «Baba iko ndani,» akasema. «Anakusikia.» Nikapika kelele sawa mwenda wazimu: «Baba, ilikuwa jino! Mbwa alikuwa na jino bovu!»

Bitisho akasema, «Jino tulisikia. Baba hana neno na mbwa. Mbwa alimuluma mara moja, akaachilia. Wewe haujaachilia.»

«Nifanye nini?» nikamuuliza. «Niambie, nitafanya.»

«Ile neno uliisema mbele ya batu. Na ile ingine uliandika, bakaisoma ku soko. Ukiwa na ingine, ipitishe njia ile ile. Hapa mulangoni kwetu usiilete kwa kunong'ona.» Akaingia. Nilisimama pale mpaka mvua ikanikuta. Kazi ilikuwa inaniita, nikarudi. Majuto ni mujukuu, tulikuwa tunaimba vile tukiwa batoto bila kujua maana.

Basi Yaya, kazi yangu kwako ni hii. Shemeji Amisi aisome barua hii ku soko, pale pale, siku batu ni bengi, na kwa ile sauti. Asiruke kitu. Asiruke pale nilicheka, asiruke pale niliuliza mufuko. Bakimuambia arudilie, arudilie. Batu ya Baraka, munisikie: mbwa haisomi roho ya mutu. Mukia yenye kutikisika haiko salamu. Mbwa mwenye kubweka analuma, na mwenye kunyamaza analuma, juu bote bako na meno. Mzee Lubunga hakuiba kitu. Mwenye alimufanya mwizi ni mimi, Asukulu, mukwe yake.

Halafu Mujomba yetu, kaka ya Mama, achukue mbuzi yangu, ule mweupe wenye nilimuachia, na mupande naye Fizi. Musiende nyumbani kwa muzee kwa siri. Mwende mahali pa kugawia nyama, muite batu, Shemeji asome tena. Mujomba achinje. Halafu kisu mukipanguse, mukiweke mbele ya baba mukwe yangu, na munyamaze.

Usalimie Mama, umuambie asinilie, niko ninakula. Usalimie Mujomba, mwenye alinifundisha kupiga kasia na mwenye atanipiga kofi akisikia haya yote, na ako na haki. Usalimie Shemeji, bwana yako. Sauti yake haina kosa, kosa iko mu maneno nilimupa asome. Usalimie mama mukwe yangu mukifika kule, mufumaji ya ule mukeka, kama atakubali salamu. Bitisho mumutazame tu kwa ajili yangu.

Neno ya mwisho. Vidole mbili ya muzee haikunje, nilikuambia. Pengine kisu itamuponyoka. Itaanguka mu udongo, na kijana moja mwenye adabu atataka kukiokota amusaidie. Yaya, umuzuie. Mutu yeyote asimusaidie. Akipasua vibaya, apasue vibaya. Ikienda mpaka jua inaingia na nzi zinajaa ku nyama, mungojee. Na akigawa, akakufikia wewe, dada ya Asukulu, akakupa hata mufupa mutupu, upike pale pale kwao, mukule na yeye. Halafu unitumie neno mu kinywa ya shofere, neno moja tu: «Tumekula.»

Kila kamyo yenye kushuka huku, nitakuwa nimesimama ku njia.

Mimi mudogo wako,
Asukulu